Je, Wajua? Kadi ya Fizikia Iliyokufa, na Swali Lake Lililofufuka

Mwaka 2006 maduka ya kompyuta ya Marekani na Ulaya yalianza kuuza kadi ambayo haikuwa na pa kuchomeka kitu. Bamba lake la nyuma lilikuwa tupu: hakuna tundu la skrini, la spika wala la waya wa intaneti. Ndani ya kasha ilikaa kwenye sloti ya PCI, ikapewa umeme kwa plagi ya pini nne ileile ya diski ngumu za zamani, na feni yake ndogo ikaanza kuvuma. Kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi vitu vinavyoanguka, kugongana, kupasuka na kupeperuka ndani ya gemu, basi. Iliitwa PhysX, bei yake ilikuwa kati ya dola 250 na 300, na Ageia, kampuni ya California iliyoibuni, ilitarajia kila mcheza gemu awe nayo kama alivyo na kadi ya grafiki.

Haikuwa hivyo. Lakini swali la kama inafaa kutoa hela kwa kifaa cha fizikia pekee lilirudi mwaka 2025, na safari hii waliouliza walikuwa na sababu nzuri zaidi kuliko wale wa 2006.

Vitu vya gemu hulazwa usingizi

Je, wajua kwamba pipa lililosimama kimya kwenye kona ya chumba ndani ya gemu huwa limelala? Injini ya fizikia, yaani sehemu ya programu inayoamua nini kianguke na nini kigongane, ikiona kitu hakijasogea kwa muda mfupi hukilaza. Haikikokotoi tena mpaka kiguswe na mguu, mlipuko au kitu kingine kilicho macho. Bila ujanja huo kompyuta ingeelemewa mapema sana. Vitu 1,000 vikikaguliwa kila kimoja na kila mwenzake, hizo ni jozi 499,500. Na kwenye gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, fizikia, sauti, akili za maadui na picha yenyewe vyote vinatakiwa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7. Kwa hiyo injini huanza kwa kuvivisha vitu maboksi yasiyoonekana. Maboksi yasiyogusana hutupwa nje ya hesabu, na jozi chache zinazobaki ndizo hupimwa kwa umbo lao halisi.

Kuna na hili. Muda ndani ya gemu hautiririki, unaruka hatua kwa hatua. Kitu chenye kasi kubwa kinaweza kuwa upande huu wa ukuta mwembamba katika hatua moja na upande wa pili katika hatua inayofuata, injini isijue kabisa kwamba katikati palikuwa na ukuta. Ndiyo maana magemu mengi ya bunduki hayarushi risasi yoyote: huchora mstari kutoka mdomo wa bunduki na kuuliza mstari huo umegusa nini.

Fizikia ilikuwa imekwisha kuuzwa bila kadi

Novemba 2004 Half-Life 2 ilitoka ikiwa na fizikia ya Havok, kampuni iliyozaliwa Trinity College, Dublin, mwaka 1998. Mapema katika gemu hiyo kuna ubao wa pembea unaokuzuia njia. Unapakia matofali upande mmoja, upande wa pili unapanda, unakimbia juu yake na kuruka. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala mlango unaofunguka kwa amri. Uzito wa matofali ndio ufunguo. Haya yote yaliendeshwa na prosesa ya kawaida ya wakati ule, yenye kiini kimoja tu.

Hapo ndipo Ageia ilipoona soko. Ikiwa matofali machache yamewafurahisha watu kiasi hicho, vipi maelfu? Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 2002 chini ya Manju Hegde, na mwaka 2004 iliinunua NovodeX, kampuni ndogo ya programu iliyotokana na chuo kikuu cha ETH cha Zürich. Machi 2005 ikatangaza chipu yake. Ilikuwa na transista milioni 125, ikachapwa katika viwanda vya TSMC vya Taiwan, na ikawekewa memori yake yenyewe ya megabaiti 128. ASUS na BFG ndio waliotengeneza kadi zenyewe, huku Dell na Alienware wakizipachika kwenye mashine zao za bei kali. Sony nayo ilichukua leseni ya programu ya PhysX, iliyotokana na ile ya NovodeX, kwa ajili ya PlayStation 3. Hii programu tuikumbuke, maana ndiyo iliyoishi.

Kadi iliyopunguza kasi

Je, wajua kwamba miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya kadi hiyo, gemu ilikwenda polepole zaidi ikiwa imechomekwa kuliko ikiwa imechomolewa? Gemu ilikuwa Ghost Recon Advanced Warfighter, ileile ambayo ASUS waliifungasha pamoja na kadi yao ili mnunuzi apate cha kuonea raha. Ukirusha bomu karibu na gari, vipande vya vyuma na mawe vilikuwa vingi zaidi, na ndani ya sekunde hiyohiyo fremu zilishuka. Wakaguzi waliozipima mwezi Mei 2006 hawakuwa na la kuficha: mteja alikuwa amelipa karibu dola 300 ili gemu yake ikwame wakati wa milipuko, pale hasa asipotaka ikwame.

Sababu yake haikuwa uzembe wa chipu. Kadi ilikokotoa vipande vingi zaidi, lakini haikuvichora. Kuvichora ilibaki kazi ya kadi ya grafiki, ambayo sasa ilipokea mzigo ambao awali haikuwa nao. Ni kumwongezea mpishi wakata vitunguu watatu huku jiko likiwa lilelile la mafiga matatu. Juu ya hapo kulikuwa na njia ya kupitishia data. Memori iliyokuwa kwenye kadi iliweza kusafirisha takriban gigabaiti 12 kwa sekunde, lakini sloti ya PCI iliyoiunganisha na kompyuta ilikomea megabaiti 133 kwa sekunde, na sloti hiyo ilishirikiwa na kadi ya sauti na nyinginezo. Tayari kulikuwa na PCI Express kwenye madabodi mpya. Ageia walibaki na PCI ya zamani kwa sababu kila kompyuta ilikuwa nayo, na ukiwatazama kwa macho ya mfanyabiashara huwezi kuwalaumu sana.

Halafu kukawa na kisa cha CellFactor. Hii ilikuwa gemu ya maonyesho iliyotengenezwa na Immersion Games wa Colombia, imejaa mabomba, makreti na magari yanayorushwa kwa nguvu za akili, na ilitangazwa kuwa haichezeki bila kadi. Wacheza gemu wadadisi wakagundua kwamba ukiongeza amri fupi pale unapoianzisha, inawaka bila kadi yoyote. Vitambaa na vimiminika vilitoweka, kweli, lakini makreti yaliendelea kuruka, na prosesa nzuri ya viini viwili ilijitahidi kwa kiwango ambacho kiliwaudhi waliokwisha kulipa. Mwaka 2007 gemu hiyo ikatolewa bure.

Mtego ambao hakuna chipu ingeutegua

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na huwa hapaelezwi vya kutosha. Jiweke mahali pa mtengenezaji gemu wa mwaka 2006. Unataka mchezaji aweze kubomoa ukuta wowote na kupita pale alipobomolea. Kwa wenye kadi ya fizikia inawezekana. Kwa wasio nayo, haiwezekani. Je, utauza gemu ambayo njia ya kutokea ipo kwa mmoja na haipo kwa tisini na tisa? Na wakicheza pamoja mtandaoni, ukuta uliobomoka kwenye kompyuta ya huyu bado umesimama kwenye ya yule. Mmoja anajificha nyuma ya kitu ambacho mwenzake hakioni.

Basi mtengenezaji akafanya lililo salama. Fizikia inayogusa mchezo wenyewe akaiacha kwenye prosesa, ambayo kila mtu anayo, na kadi akaigawia mapambo: vumbi, cheche, vigae, bendera. Vitu ambavyo vikiwepo vinapendeza na visipokuwepo hakuna anayeshindwa kumaliza gemu. Na kwa kuwa kadi ilileta mapambo tu, wachache waliinunua. Na kwa kuwa walioinunua ni wachache, hakuna aliyethubutu kuipa kazi zaidi ya mapambo. Unreal Tournament 3 ya Novemba 2007 ilikuwa jaribio la maana la kutoka kwenye duara hilo. Kulikuwa na ramani za ziada kwa wenye kadi, mojawapo ikiwa na kimbunga kinachong'oa majengo na kumeza wachezaji. Ramani nzuri. Lakini ukishaicheza mara kadhaa, unarudi kule waliko wachezaji wengine wote.

Kadi ya grafiki ya kwanza ya Voodoo, mwaka 1996, nayo ilikuwa kifaa cha pembeni cha kuongezwa juu ya kadi nyingine, na watu waliinunua kwa pupa. Tofauti ni kwamba Voodoo iliigusa gemu nzima kila sekunde: picha ilikuwa laini, ya haraka, na jirani akipita mlangoni anaiona. PhysX ilibidi usubiri kitu kilipuke.

Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa vifaa vya ajabu. Bigfoot Networks waliuza Killer NIC, kadi ya mtandao ya dola 279 kwa ajili ya wacheza gemu, yenye prosesa yake yenyewe, Linux yake yenyewe, na kipoza joto kilichochongwa kwa umbo la herufi K. Ukiweka zote mbili, kadi ya fizikia na hiyo ya mtandao, umeshatoa bei ya kadi nzuri ya grafiki, na ukaitoa mahali pasipoonekana.

Aliyekuja kuimeza

Novemba 2006, nusu mwaka tu baada ya PhysX kufika madukani, Nvidia ilitoa GeForce 8800 GTX yenye transista milioni 681 na viini vidogo 128 vilivyoweza kupangiwa hesabu yoyote, siyo picha pekee. Mtu aliyejua kusoma dalili angefunga pochi siku ileile. Prosesa nazo zilikuwa zinaongeza viini, kutoka viwili hadi vinne. Septemba 2007 Intel ikainunua Havok. Februari 2008 Nvidia ikainunua Ageia, na Agosti mwaka huohuo ikatoa draiva iliyoziwezesha kadi za GeForce za mfululizo wa 8 na zilizofuata kuendesha PhysX bila malipo ya ziada. Kilichouzwa dola 299 mwaka 2006 kikawa cha kupakua.

Historia ya kompyuta ina mfano wa zamani wa jambo hili. Intel 8087 ya mwaka 1980 ilikuwa chipu ya kununuliwa pembeni kwa ajili ya hesabu za desimali. Kufikia 486DX ya mwaka 1989, kazi hiyo ilikuwa imeingizwa ndani ya prosesa. Ajabu ni kwamba 8087 ilirudi kwenye kisa chetu kwa mlango wa nyuma. Julai 2010 mchambuzi David Kanter aliichunguza programu ya PhysX na kuonyesha kwamba ikiendeshwa kwenye prosesa badala ya kadi ya Nvidia, ilitumia maagizo ya ukoo wa 8087, ya miaka 30 nyuma, badala ya yale ya kisasa yanayokokotoa namba kadhaa kwa mkupuo. Watu wakauliza kama ilikuwa bahati mbaya au njia ya kuifanya kadi ionekane ya lazima. Mwaka uliofuata toleo la 3 likarekebisha hilo. Mwaka 2009 Nvidia ilikuwa imefanya jingine lisilo na utata wa aina hiyo: draiva zake zilianza kuizima PhysX ya kwenye kadi pale zilipokuta kadi ya grafiki ya mshindani ndani ya kasha hilohilo. Mtu aliyekuwa na kadi mbili, ya mshindani kwa picha na ya Nvidia kwa fizikia, alinyang'anywa alichonunua kwa pesa zake. Hilo mimi nalihesabu kuwa baya kuliko la hesabu za 8087.

Yale mapambo yalikuwa mazuri?

Mengine, ndiyo. Batman: Arkham Asylum ya mwaka 2009 ndiyo mfano ninaoupenda. PhysX ikiwa imezimwa, sakafu ya ofisi ni safi. Ukiiwasha, karatasi zimetapakaa, na Batman akipita zinanyanyuka kwa upepo wa joho lake. Utando wa buibui unachanika, moshi unazunguka miguu badala ya kupita ndani yake. Mirror's Edge kwenye kompyuta, Januari 2009, ilileta vitambaa vya plastiki vinavyotoboka kwa risasi na vioo vinavyomwagika vipandevipande wakati helikopta inapokufyatulia. Lakini angalia hila iliyomo: ofisi bila karatasi hata moja sakafuni haikuwa lazima. Karatasi zisizosogea zimekuwepo kwenye magemu tangu zamani. Ziliondolewa kabisa ili tofauti ionekane kubwa.

Je, wajua kwamba huenda unatumia PhysX bila kujua? Desemba 2018 Nvidia iliufanya msimbo wake kuwa huria, na Unity, injini inayotumika kutengeneza magemu mengi ya simu, hutumia PhysX kwa fizikia yake ya 3D. Gari linalopinduka kwenye gemu ya simu ndani ya matatu ya Nairobi linaweza kuwa linakokotolewa na kitukuu cha programu ile ya Zürich, kwenye prosesa ya simu ya kawaida, bila kadi yoyote.

Swali lilivyorudi

Mapema mwaka 2025 Nvidia ilitoa kadi za RTX 50, ambazo ziliacha kuunga mkono programu za biti 32 zinazotumia CUDA, yaani njia ya Nvidia ya kuipa kadi ya grafiki hesabu zisizo za picha, PhysX ikiwemo. Sentensi hiyo haikuwashtua wengi mpaka wacheza gemu walipofungua magemu yao ya zamani. Borderlands 2, Mafia II, Batman: Arkham City, Assassin's Creed IV: Black Flag, Mirror's Edge: yote ni ya biti 32, na PhysX yake sasa iliiangukia prosesa. Fremu zikaporomoka penye moshi na vipande vingi. Kadi ya RTX 5090, iliyotangazwa kwa dola 1,999, ikawa inashindwa kazi ambayo GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ile unayoweza kuikuta ndani ya mashine ya mtumba kutoka Uingereza, inaifanya bila shida.

Ndipo watu wakaanza kununua kadi ya pili, ndogo, kwa ajili ya fizikia tu. Kadi hiyo inachomekwa chini ya ile kubwa, haiunganishwi na skrini yoyote, na kwenye paneli ya Nvidia unaichagua kuwa ndiyo mwendeshaji wa PhysX. Ni ndoto ya Ageia kabisa, miaka 19 baadaye.

Je, inafaa? Kwanza, Desemba 2025 Nvidia ilirudisha uwezo huo kwenye RTX 50 kwa njia ya draiva, kwa orodha ya magemu maalumu iliyojumuisha hayo niliyoyataja hapo juu. Kwa hiyo anayefikiria kununua aanze kwa kusasisha draiva, maana huenda shida yake imekwisha. Pili, gemu ikiwa haimo kwenye orodha, kuna kitufe kwenye mipangilio yake cha kuzima PhysX, na gemu itamalizika vilevile. Hayo ni matunda ya ule woga wa watengenezaji wa 2006. Tatu, kama bado unayataka mapambo, usikimbilie kadi ya bei ya kutupwa. Draiva mpya za Nvidia zimeziacha kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani GTX 900, GTX 10 na ndugu zao kama GT 1030. Kompyuta haiendeshi draiva mbili tofauti za Nvidia kwa wakati mmoja, kwa hiyo GT 1030 haiwezi kukaa nyumba moja na RTX 50 iliyosasishwa. Tafuta GTX 16, au RTX ya mfululizo wa 20 hadi 40, na ya kiwango cha chini inatosha.

Kabla ya kulipa, fungua kasha utazame. Kadi kubwa za siku hizi hufunika sloti tatu au zaidi, na sloti inayobaki inaweza kuwa imefichwa kabisa. Baadhi ya madabodi, ukichomeka kadi ya pili, huigawa njia ya ile ya kwanza nusu kwa nusu, kutoka x16 hadi x8; soma kijitabu chake. Pima nafasi ya feni pia, maana kadi ndogo ikikaa karibu sana chini ya kubwa huiziba isivute hewa. Kadi ikishakaa, nenda kwenye paneli ya Nvidia, sehemu ya PhysX, uitaje kwa jina badala ya kuacha ichaguliwe yenyewe, kisha uwashe kisanduku kilichopo kwenye menyu ya juu kinachoonyesha ni kifaa gani kinachokokotoa. Kikiandika CPU wakati gemu inakwenda, kadi yako ya pili inakula umeme bure.